Chokaa ya Abdulsamad

Kaeni chini, Nassor, nawe Kazija mwanangu, mfunge mlango msikie, maana sauti hii ya baba yenu imetiwa kwenye simu ya watu. Anayeishika ni Kissa, mwanamke wa Mbeya, mfanyabiashara wa nguo, jirani yangu hapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, na kesho anapanda ndege pale Baiyun kurudi nyumbani. Mimi sirudi. Kifua kimejaa maji, viza yangu ilikufa mwaka juzi, na tangu askari waanze kusimama milangoni pa jengo la maduka la Tianxiu kukagua pasipoti, hata hospitali naiogopa. Siku ya kumi na moja hii nimelala chumbani, nje watu wamejaa tele, na hakuna hata mmoja anayelijua jina la mama yangu. Upweke huu niliutafuta kwa mkono wangu mwenyewe, na ndio ninaotaka kuwaeleza.

Lile hekalu la Mabaniani nyuma ya mtaa wetu nyinyi mnalipita tu. Aliyelianza hajulikani, babu yangu alisimuliwa kwamba wazee wetu walilikuta mnara umemeguka, wakaitwa waujenge upya, na tangu siku hiyo ukuta ule ni wa nyumba yetu kuutunza. Limeelekea mashariki, ili jua la kwanza lipite ukumbi wa nguzo kumi na mbili, livuke kizingiti kilichochongwa mayungiyungi, liingie chumba cha ndani kisicho na dirisha, alimokaa mungu wao. Juu ya chumba hicho umesimama mnara, mawe ya matumbawe yanapungua safu kwa safu mpaka yanakutana kileleni kama vidole vilivyoshika tonge. Kila chokaa ilipofanywa upya, konzi ya mwisho ya chumba cha ndani ilipakwa na mtu wa kwetu, akapewa nazi na kitambaa cheupe, akatoka, asiingie tena mpaka chokaa nyingine. Dini yao mbali na yetu mbali, lakini hawakuwahi kumwita fundi mwingine.

Mwaka aliozaliwa Kazija tuliitwa, mimi na ami yenu Abdulsamad, kaka yangu kwa baba. Yeye alichimba shimo, akaizima chokaa humo kwa maji, akasema, "Vuai, tungoje miezi sita, chokaa mbichi haina adabu." Wazee wa hekalu walitaka kazi iishe kabla ya sikukuu yao ya Diwali, nami nilitaka sifa. Kaka alipokwenda Pemba mazikoni nikalifukia shimo lake, nikapaka mnara mzima saruji, nikaufunika kwa maji ya chokaa juu ili rangi isinisaliti. Ulimeta, watu wakanisifu. Nilijua, wanangu, kila fundi wa kwetu anajua, kwamba tumbawe linapumua, na ukilivika saruji chumvi inabaki ndani inatafuta pa kutokea. Masika ya pili ukuta ukavimba, kilele kikaanguka, kikavunja kizingiti cha mayungiyungi kilichozishinda nguvu mvua za miaka yote ile.

Waliponiuliza, nilisimama barazani baada ya sala ya alasiri, mbele za watu, nikasema Abdulsamad alichanganya chokaa na mchanga wa pwani usiooshwa. Kaka alikuwa ameketi palepale. Alinitazama, akavaa viatu, akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyemwita hata kuziba ufa. Nikaja huku eti kutafuta vigae, nikabaki miaka tisa nikiwazungusha wageni madukani, kumbe nilikuwa namkimbia mzee mmoja asiyenifukuza. Hapa majengo yote ni vioo na saruji. Sijawahi kunusa chokaa mbichi tangu nije, na naililia, nawaambia kweli.

Mficha uchi hazai, na la kuvunda halina ubani. Nassor, najua jina langu ndilo linalokupa kazi. Wakikuita wanasema mwana wa Vuai, fundi wa kweli. Litavunjika mkononi mwako, nami nakuomba radhi, lakini usilihifadhi. Nilimsema ami yenu mbele za watu, basi mniseme mbele za watu. Chukueni simu hii mwende barazani kwake baada ya alasiri, watu wakiwapo, mwifungulie sauti yote. Msimsikilizishe faraghani, faragha ni rahisi mno.

Kissa ana mfuko wangu. Mwiko ni wako, Nassor. Msahafu ni wa Kazija. Timazi ya babu, ile ya shaba ya kupimia wima wa ukuta, si yenu; mpeni ami yenu. Akiikataa, iacheni kizingitini mwake. Akikubali, mwombeni aongoze kubandua saruji iliyobaki pale mnarani, nawe Nassor umbebee maji, na mngoje miezi sita hata wakiwaharakisha. Konzi ya mwisho aipake yeye.

Msichangishe watu kunirudisha. Nitazikwa huku, Waislamu wapo.

Mungu awape... awape mikono isiyo na haraka. Awape mtu wa kuwajua jina. Kazija, usilie, mama yako alikuwa... Kissa, usizime, mama, bado. Nipe maji kidogo.

Kaka Abdulsamad. Kama umekaa hapo unasikia. Niliionja chokaa yako ile, shimoni, kabla sijaifukia. Ilikuwa laini kama samli. Haikuwa na kosa. Chokaa yako, kaka... haikuwa na kosa.