Samaki Wawili wa Zeyana

Pale Mtendeni, kwenye benchi lililoegemea duka la kanga lililofungwa kwa kukosa kanga, watu walikuwa wanakunywa kahawa ya Mzee Abasi na kumtibia Hamoud samaki wake kwa maneno matupu. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na wengine walikuwa na makubwa zaidi ya kulilia. Lakini Hamoud alikuwa na lake, na anayelicheka basi hajawahi kulea binti. Zeyana aliolewa Maskati akamwachia tangi la kioo lenye samaki tisa. "Baba, nitunzie," alisema. Sasa wamebaki wawili, na kila barua anayomwandikia mwanawe inasema wote tisa ni wazima.

Tangi lenyewe lilitoka kwa jirani Mgoa, fundi wa reli, kabla hajahama nchi. Pembeni lina chupa inayopulizwa hewa na pampu ya umeme, na ndani ya chupa vilikuwa vinazunguka vipande vya mirija ya plastiki. Kwenye vipande hivyo, alieleza Mgoa, hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Mirija iliharibika mwezi wa kwanza, samaki wawili wakaenda nayo. Tangu hapo benchi zima linatafuta kitu kingine cha kuzunguka mle.

— Vile vizibo vya soda je? aliuliza Shaban, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana.

— Vilishika kutu. Wawili wakafa.

— Magunzi ya mahindi?

— Yalioza. Watatu kwa mpigo.

— Na kandambili zangu nilizokukatia?

— Hazizunguki, Spana. Zinaelea tu juu kama wakubwa. Nimezitoa, tangu Jumatatu nimeweka vifungo vya shati.

Twalibu aliweka kikombe chini. Huyu walimwita Redio, maana mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia.

— Tatizo si vifungo, ni siasa. Serikali inakusanya watu wakae pamoja, wewe vijidudu vyako unavizungusha usiku na mchana, havijui kwao ni wapi. Lazima vigome.

— Punguza sauti, balozi wa nyumba kumi yule anapita, alinong'ona Mzee Abasi.

— Apite. Weka meno ya ng'ombe, Ami Hamoud. Jino halioti kutu wala halielei.

— Na pampu ile ndogo italizungushaje jino la ng'ombe? alidakia Spana.

— Basi nikwambieni ukweli. Yule Mgoa aliondoka navyo! Forodhani wanakagua dhahabu, nani anakagua vijidudu? Viko ng'ambo sasa hivi, vinakula uchafu wa huko.

Wakacheka. Hamoud hakucheka. Alitamani kuwapiga, na alitamani kulia, na hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, Ng'washi, aliyehamia juzi kutoka Igunga, akiuza maziwa mgando kwenye vibuyu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

Akasikia habari, maana Redio hamnyimi mtu habari. Akauliza:

— Na hivyo vya kuzunguka, mnavioshaje?

Hamoud alikaa sawa. Angalau hili alilijua kulifanya.

— Navichemsha, mama. Kila Ijumaa kabla sijaenda msikitini. Tangu redioni watangaze tuchemshe maji, sijaruka hata wiki moja. Nusu saa motoni, halafu sabuni. Sabuni ya kufulia kanzu yangu naikosa, lakini vyenyewe vinapata.

— Mirija pia?

— Iliyeyukia sufuriani.

Ng'washi alitua kibuyu kimoja, akakishika shingo.

— Hiki nimekirithi kwa mama. Hakijawahi kuona sabuni. Siku nikikichemsha, maziwa hayatagandia humu, kwa sababu kinachogandisha kimeshika ukutani mle ndani. Sasa vijidudu vyenu, mkishavichemsha, hubaki nani wa kufanya kazi?

Redio aliinama akachungulia ndani ya kibuyu.

Hamoud alihesabu moyoni. Saba. Si kutu, si magunzi. Kila Ijumaa alikuwa anawaua samaki wa mwanawe kwa usafi, kisha anakwenda kuwaombea.

— Leo Ijumaa, alisema polepole. Nimechemsha asubuhi.

— Basi baba, usiviguse tena. Kibuyu kipya hutaka mwezi mzima ndipo kizoee.

Akajitwisha maziwa yake, akapiga hatua mbili, akageuka.

— Hao wawili watafika huo mwezi?

Spana alitazama barabara. Redio alitazama kikombe. Hamoud aliitazama mikono yake, safi tangu asubuhi, akaikalia.