Mkaguzi wa Mizani Aliyepimwa Akiwa Amelala

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Bibi, yaani mama yake huyo mkunga, alikuwa akisimulia kwamba alimpima siku ileile kwa mizani ya zahanati, akaona imezidisha uzito. Ugomvi wa marehemu na mizani ulianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1972. Januari iliyofuata aliajiriwa idara ya vipimo, akakagua mizani za madukani hadi alipostaafu mwaka 2011. Hakupima mizani ofisini hata siku moja. Aliifuata inapofanyia kazi, juu ya meza yake iliyopinda, feni ikivuma. Muuza nyama mmoja, ambaye tuko naye hapa leo, alimletea yake ofisini ikiwa imeng'arishwa. Marehemu akamwambia, "Hapa imekuja na nguo za sikukuu, ndugu yangu. Irudishe buchani, nakuja."

Mama alikuwa karani wa posta. Mwaka 1978 marehemu alifungia mizani yake ya vifurushi, kisha akarudi kuikagua mara nne, ingawa sheria ilitaka mara moja. Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1979.

Septemba 2019 mapigo ya moyo wake yalishuka, akawekewa betri ya moyo yenye waya mmoja. Tulielezwa kwamba waya huo husikiliza chumba cha juu cha moyo, kisha husukuma cha chini kifuate. Hatukuelezwa kwamba sehemu ya kusikilizia huelea tu ndani ya damu, na kwamba mtu akisimama au akivuta pumzi inaweza isisikie kitu. Hapo betri husukuma polepole, hata kama mwenyewe anapanda ngazi.

Kliniki ilikuwa kila miezi sita. Siku moja alilazwa kitandani, fundi wa kliniki akaweka kifaa chake kifuani, akasema, "Safi kabisa, mzee."

"Mwanangu, mimi kizunguzungu kinanishika kwenye ngazi. Nipime hukohuko."

Fundi alicheka. Mimi, binti yake wa mwisho ninayewasomea haya, nilikuwepo, na nilicheka pia. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Baba, mashine imesema safi. Umri nao una mambo yake."

Akanijibu, "Nimekulea katikati ya mizani, halafu wewe ndiye unaniambia hivyo?"

Hakutaja kizunguzungu tena.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, alianguka kwenye ngazi za nyumbani akaumia kichwa. Alifariki Alhamisi. Betri iliposomwa, tulikuta imeandika kila kitu: katika kila mapigo kumi, matatu haikusikia chumba cha juu. Hesabu hiyo ilikuwepo ukurasa wa pili wa ripoti za kliniki tangu mwaka wa kwanza. Fundi alisema hawakuwa na mazoea ya kuufungua, maana wa kwanza ulikuwa safi. Nasema wazi mbele yenu kwamba baba yetu alisalitiwa, na waliomsaliti si wa kliniki peke yao.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, ambalo aliandika nipewe mimi. Aliandika hivyo baada ya siku ile ya kliniki.

Baba, kizunguzungu kilikuwa cha kweli. Pumzika kwa amani.