Kitabu Kilichoniona

Wapendwa wasomaji, nawaletea uchunguzi mzito wa elimu ya juu, uliofanywa basini na mimi, mwanafunzi mwenye ruhusa ya kwenda kutibiwa jino lisilouma.

Mbele yangu fundi bomba alimlalamikia binti wa chuo: “Saa moja asubuhi nimekuta tangi la shule ya bweni limebaki nusu, bomba wazi. Mkuu anasema nililiacha wazi mimi jana. Kazi imeota mbawa, mwanangu.”

“Tangi lina kina gani, na bomba lina upana gani, mjomba?” Alipojibiwa, binti alifungua kitabu kinene cha hesabu za vitu vinavyobadilika, akaandika. “Bomba lingefunguliwa jana, tangi lingekauka. Limefunguliwa leo, saa kumi na mbili na dakika kumi.”

“Kitabu kimeona?” fundi akanong'ona.

Nilichungulia kitabu kile. Mstari mmoja wa hesabu ulikuwa umeniona nikinyata hadi kwenye tangi. “Dakika kumi na moja, dada,” nikaropoka.

Basi likasimama. Wote wakageukia sare yangu ya shule hiyohiyo.

“Ni mimi, mjomba. Nilifungulia maji yaishe ili nikwepe kuoga.”