Mama Felista, Aliyemuunga Upya Mnyama wa Bahari

Leo, tarehe 31 Machi 1913, Mama Felista wa Mgeta anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya utumishi katika kituo chetu cha mifupa ya kale hapa Morogoro. Wenzake tumeona si vizuri aondoke kimyakimya, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kuwa mtu wa kimya.

Hakuja kuomba kazi. Alikuwa mfinyanzi, na siku hiyo aliteremka mlimani kuleta mitungi ya maji. Akawakuta mafundi wakihangaika na mfupa uliogeuka jiwe: kila wakiuunga, unaachia. Alitua mzigo, akatazama kidogo, akasema, "Kaka zangu, hapo mnaunga vumbi kwa vumbi." Akaomba maji na brashi, akasafisha kingo, akapaka gundi, akaulaza mfupa kwenye sinia la mchanga ili usicheze. Asubuhi ulikuwa mzima. Daktari Hollen, mkuu wa kituo, akamwajiri siku hiyohiyo.

Ukoo haukufurahi. Mjomba wake, Mzee Andrea, ambaye kwa Waluguru neno lake si la kupuuzwa, alifunga safari mpaka kituoni.

"Felista, unashikaje maiti isiyo ya ukoo wako?"

"Shikamoo, mjomba. Kwani kwetu maiti hushughulikiwa na nani? Si mtani? Basi mimi na huyu ni watani."

Mzee Andrea alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ruhusa ikapatikana.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1907, wajenzi wa reli walipokata kilima mashariki ya Mikese. Ndani ya mwamba walikuta mnyama mtambaazi wa baharini: kichwa kidogo, meno kama sindano, shingo ndefu kupita kiasi, na mapezi manne kama makasia. Daktari alitueleza kwamba hakuwa samaki, maana alipanda juu ya maji kuvuta pumzi, na kwamba aliishi wakati nchi hii ilipokuwa chini ya bahari. Tumboni mwake mlikuwa na vijiwe laini alivyokuwa amevimeza. Vijiwe hivyo vilipotea, na Mama Felista akavikuta kwa wapagazi, wamevifanya kete za bao. Aliwaacha wamalize mchezo, kisha akavikusanya vyote, na vya mshindi vikiwemo.

Balaa lilitupata mwanzoni mwa 1908. Wataalamu walikuwa waje kutoka Dar es Salaam baada ya masika kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe, na tegemeo letu lote lilikuwa mnyama huyo. Tulipokuwa tukishusha kasha lake kutoka kwenye behewa, kamba ilikatika. Kasha likapasuka mbele ya watu wote wa stesheni, na shingo ile ikawa kokoto.

Daktari Hollen alivua kofia. "Imekwisha," alisema. Sote tulijua maana yake: kila mtu arudi kwao.

"Haijaisha, Bwana Daktari," Mama Felista alijibu. "Imevunjika tu. Msikanyage hapo! Salehe, leta ufagio laini na magunia. Hata unga wake nautaka."

Salehe, msimamizi wetu wa wapagazi, alikimbia kama askari aliyeamriwa.

Masika yote walifanya kazi pamoja, yeye na Daktari. Daktari alimjua mnyama: mfupa upi hutangulia na upi hufuata. Mama Felista alivijua vipande: kipi kilitengana na kipi, kwa kupapasa ukingo tu. Waligombana sana. Siku moja Daktari alilazimika kufumua uti mzima wa shingo kwa sababu Mama aliona kiungo kimoja kimegeuzwa. Siku nyingine Mama alifumua pezi alilolimaliza, kwa sababu Daktari alimwonyesha kwamba lilikuwa la upande wa pili. Hakununa. Alisema tu, "Haya, tuanze," akavuta sinia lake la mchanga.

Wageni walipofika, mnyama alikuwa amelala mzima toka pua hadi mkia. Mkubwa wao alimzunguka, akainama, akauliza ni wapi palipovunjika. Hakuna aliyeweza kumwonyesha isipokuwa Mama Felista. Kituo kikaendelea. Tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Daktari aliandika kitabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Kwa watu wa sokoni, kitabu kilikuwa Mama Felista. Kila Jumapili baada ya misa alifungua mlango na kueleza. Bi Mwaisha, muuza vitumbua, alimuuliza, "Sasa bahari yenyewe imekwenda wapi?" Naye akajibu, "Imerudi Dar es Salaam, mwenzangu. Milima ilipanda, yenyewe ikashuka." Wataalamu wanasema si mbali na ukweli.

Anastasia na Kristina, aliowafundisha kwa ukali na kwa mapenzi, ndio watakaoshika chumba chake. Jumamosi iliyopita alimaliza mnyama wa pili, mtambaazi mwingine wa baharini mwenye umbo la samaki na jicho kubwa kama sahani. Alipachika jino la mwisho, akanawa mikono, akatugeukia. "Sasa huyu anaweza kuuma," alisema. Chumba kizima kikapiga makofi.

Mama Felista, asante kwa kila ulichokiunga, na sisi tukiwemo. Nenda Mgeta salama, mboga zako zistawi, wajukuu wakuzunguke, na Mungu akujalie siku nyingi za raha.

Leonard, seremala wa kituo, kwa niaba ya wenzake wote