Waya wa Mizunguko Mitatu

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, niko chini ya lori, mikono yote grisi.

KITINDA: Ni mimi, kaka. Kitinda mimba wenu.

FUNDI: Aa, mdogo wangu! Hamjambo huko? Watoto?

KITINDA: Hatujambo. Na mimi niko chini ya gari.

FUNDI: [anacheka] Wewe? Gari gani?

KITINDA: La mume wangu, shemeji yako. Hili la mbio alilonunua mkononi mwa mtu, ambalo likiwaka vikombe vinacheza kabatini. Wiki ya tatu hii limenyamaza. Leo limetoka alfajiri na kurudi, boneti nimeikuta ya moto, nami sikusikia hata—

FUNDI: Mtandao unakwaruza. Yeye yuko wapi?

KITINDA: Kazini, mwenzake kampitia. Nimesema nilikague, lisije likamzimikia njiani.

FUNDI: Likiongeza kelele ndiyo uogope. Ukimya si ugonjwa. Toka huko, utajichafua bure.

KITINDA: Niulize maswali kama unavyowauliza wateja wako. Moja moja.

FUNDI: Umelipandishaje?

KITINDA: Kwa jeki, na magogo mawili ya kuzuia. Si ulinifundisha mwenyewe?

FUNDI: Haya. Ulipoliwasha, uliweka mkono nyuma ya bomba la moshi?

KITINDA: Yako mawili. La kulia linapuliza. La kushoto, nimeweka karatasi, wala haikutikisika.

FUNDI: Basi ndivyo lilivyoundwa. Injini ikiwa baridi—

KITINDA: Mbona mwanzoni yote mawili yalinguruma? Halafu hapa kwenye hili la kushoto kuna kamkono kadogo ka chuma. Ka nini?

FUNDI: Hako kanafungua kilango cha ndani. Kilango kikiwa wazi, linanguruma. Kikifungwa, moshi wote unapita kwenye sailensa na sauti inashuka. Labda kameshikwa na kutu.

KITINDA: Hakuna kutu. Kamefungwa kwa waya.

FUNDI: Haloo? Haloo? Sikupati vizuri—

KITINDA: Unanipata. Waya mwembamba, mizunguko mitatu, ncha zimekunjwa ndani.

FUNDI: Mafundi wengi hufanya—

KITINDA: Mafundi wengi hukata wakaacha ncha nje. Anayezikunja namjua mmoja tu. Nilikuwa na miaka tisa, nakushikia tochi, waya ukanichana kiganja. Ukaapa hutaacha ncha nje tena. Kaka.

FUNDI: Alisema majirani wanalalamika.

KITINDA: Majirani gani? Upande huu kiwanda cha mbao, upande ule ukuta wa shule. Msumeno ndio uliolalamika?

FUNDI: Mdogo wangu, mimi kazi yangu ni bolti na nati. Simuulizi mtu anakokwenda.

KITINDA: Sijakuuliza anakokwenda. Kumbe unajua.

FUNDI: Nilimwambia aache. Haki ya Mungu nilimwambia!

KITINDA: Huku unamkunjia waya?

FUNDI: Alinipa nili—

KITINDA: Alikupa nini?

FUNDI: Gari. Nilitembeze Jumapili moja nzima, peke yangu. Miaka ishirini nalala chini ya magari ya watu, Kitinda. Sijawahi kushika usukani wa kitu kama kile.

KITINDA: Jumapili ipi?

FUNDI: Ile... ya mwisho wa mwezi.

KITINDA: Ile niliyohamisha vitanda vya mama peke yangu, ukasema mgongo umekushika.

FUNDI: Nisamehe.

KITINDA: [polepole] Yeye nilikutana naye ukubwani, kaka. Wewe tumetoka tumbo moja. Ninayo koleo hapa mkononi.

FUNDI: Usikate! Kuna springi, itakupiga usoni. Toka kwanza, ushushe gari—

KITINDA: Leo ndiyo unaniogopea?

FUNDI: Nakuomba. Liache kama lilivyo.

KITINDA: Nitaliacha. Kesho saa mbili asubuhi uje ukate wewe, naye akiwa amesimama hapo mlangoni anakutazama.

FUNDI: Akiwepo? Sasa nitamwambia nini?

KITINDA: Yeye usimwambie kitu. Kata waya, liwashe, kisha uingie ndani uniambie mimi. Yote.

FUNDI: Kitinda, yule ni rafiki yangu...

KITINDA: Na mimi?

FUNDI: Halafu saa mbili... mwenye hili lori analitaka asubuhi hiyo hiyo.

KITINDA: Lori halikuzaliwa na mama. Unakuja, huji? Sema upesi, salio linaniishia.

FUNDI: Ngoja nijifute mikono—

KITINDA: Kaka!

FUNDI: Haya, nita—

KITINDA: Haloo? Kaka? Utafanya nini? ...Haloo?