Mashati ya Kwenda Tanurini

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja aliketi mbele yangu amepakata mfuko ulionidondoshea maji viatuni. Niliviacha vilowe, maana viatu vyenyewe havikuwa na heshima ya kupigania. Binti wa ovaroli aliyekaa kando yake ndiye aliyeuliza, "Mama, umebeba nini?"

"Mashati ya marehemu mume wangu. Nasikia kiwanda cha saruji siku hizi kinachoma taka za majumbani badala ya makaa."

"Ndiko ninakochambua taka. Mashati tunapokea, yanawaka vizuri. Lakini mbona yamelowa hivi?"

"Nimeyafua. Niwape watu nguo chafu za mume wangu?"

"Tanuri halijali uchafu, mama. Linachukia maji."

"Mimi najali."

Hapo nilikuwa upande wa mama, ingawa soksi zangu zilikuwa upande wa tanuri.

Binti alichungulia mfukoni, akagusa shati la juu. "Mpaka kola umezisugua!" Sauti yake ikalainika. "Basi rudi nayo nyumbani, uyaanike. Yakikauka uniletee, nitayapokea mwenyewe."

Mama akaukumbatia mfuko. "Mwanangu, nimeyakamua tu nikatoka mbio. Nikiyaona kwenye kamba yanapepea, nitadhani amerudi. Sitaweza kuyatoa tena."

Treni ikasimama kituo cha kiwanda. Binti aliinuka, akamngoja. Mama hakuinuka, wala hakuulegeza mfuko. Maji yaliendelea kudondoka, nami sikusogeza miguu.