Mwalimu wa Muziki ni Mgonjwa Leo

Sogeeni karibu, wanangu, mkae mahali ambapo sitahitaji kupaza sauti, maana pumzi iliyobaki ni kidogo na maneno bado ni mengi. Guolin, mwanangu, zima hiyo televisheni. Peizhen, binti yangu, acha kunipima homa, homa haina habari mpya. Na wewe Suwen, mjukuu wangu, weka chini hicho kitabu cha fizikia. Mtihani wa kuingia chuo hautakimbia, anayekimbia ni mimi.

Nimefundisha muziki katika sekondari ya mji huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mnajua kwamba muda wote huo nilikuwa mgonjwa. Mitihani ikikaribia, Qiu, mwalimu wa hesabu, aliingia katika kipindi changu, akafuta nota zangu ubaoni, akasema bila kupepesa macho, "Mwalimu wa muziki ni mgonjwa leo. Toeni vitabu vya hesabu." Nami niko chumba cha walimu, mzima wa afya, nakunywa chai. Mwalimu wa michezo naye mgonjwa, wa uchoraji naye mgonjwa. Ukimsikiliza Qiu ungedhani shule yetu ni hospitali. Nilimchukia, sifichi, tukawa tunapishana kwenye ngazi kama watu waliodhulumiana mirathi.

Sasa sikilizeni. Darasa moja likamwamini. Jumapili wakabisha hodi, darasa zima, na sufuria ya peari zilizochemshwa kwa sukari ya mawe, ile dawa ya kifua, na mayai ndani ya kofia. Marehemu mama yenu akafungua mlango, nami niko uani napasua kuni. "Mwalimu Tong, kumbe umepona!" akasema msichana mmoja, Kuang Meng, machozi yakimlengalenga. Ningesemaje? Nikala peari zote, kisha nikakitoa nje kinanda cha kukanyaga, na wewe Guolin, mdogo hata miguu haijafika, ukajikunyata chini yake ukikandamiza kanyagio kwa mikono, tukaimba mpaka majirani wakaleta viti vyao. Tangu hapo kila Qiu aliponitangaza mgonjwa, Jumapili watoto walikuja kunijulia hali. Sijapata kuwa na afya kama ile ya ugonjwa ule.

Qiu akasikia, akaja kuwakamata. Akasimama mlangoni, akaona ubao nilioegemeza ukutani, nota zimeandikwa kwa tarakimu kama tunavyoziandika, moja ni do, mbili ni re, akacheka. "Tong wewe! Kumbe unawafundisha hesabu nyuma ya mgongo wangu!"

"Ingia basi usahihishe," nikamwambia.

Akaingia. Alikuwa na sauti nzito ambayo kwaya yetu ilikuwa ikiitafuta, na Jumapili iliyofuata akaja na kiti chake mwenyewe. Vipindi vyangu hakuacha kuvila hata siku moja, lakini tulipomzika nililia kuliko ndugu zake. Chuki yangu na Qiu msiirithi, iliishia uani pale. Ninyi rithini ua ule.

Nyumba hii ni yenu wawili, msiigombanie. Kinanda ni chako, Guolin. Najua umeona kingine kinachowaka taa dukani, ila usiache mbachao kwa msala upitao. Msikodi wapiga zumari wa mazishi wenye vipaza sauti, mtaa huu una watoto wa mtihani. Nendeni mkamwambie Kuang Meng asante. Alisomea ujenzi wa madaraja, na chuoni akaingia okestra ya wanafunzi, akanambia yale mazoezi ndiyo yaliyomfanya amalize masomo bila kuvunjika moyo. Na kila Sikukuu ya Walimu hupiga simu kuniuliza kama nimepona.

Peizhen. Ulimpenda Qiu tangu utotoni, ukamfuata ukawa mwalimu wa hesabu shuleni kwetu, nami nilifurahi, nafurahi hadi leo. Lakini fidla ya mwanao Suwen, ile ya nyuzi mbili na ngozi ya chatu, umeifungia kabatini tangu mwaka mpya, unasema mpaka mtihani upite. Unasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikatai. Lakini hata aliyeinama hupumua, mama. Mtoto huyu halali, hacheki, vidole vyake vinacheza kwenye ukingo wa meza wakati wa kula, nawe unatazama bakuli lako. Sikuombi kwa ajili yangu, ingawa mtihani utakuja mimi sipo. Naomba kwa ajili yake. Ufunguo unao shingoni, nauona.

Haya. Mpe. Ndiyo... asante, mwanangu. Asante sana.

Kaza kwanza uzi wa ndani, Suwen, umelegea kwa kukaa gizani. Polepole. Bado... hapo, hapo. Usilie juu ya ngozi ya fidla, itaharibika.

Nawabariki wote. Mle pamoja, msikilizane, milango yenu isikose wa kubisha. Nimeishi vizuri, jamani, watoto wa watu waliniletea peari nikiwa sina hata kikohozi... Nipe maji. Basi, yatosha.

Peizhen, kesho una kipindi cha kwanza, sivyo? Kikiisha, ingia kile changu cha muziki. Waambie... mwalimu wa muziki ni mgonjwa leo. Safari hii hutasema uongo. Kisha uketi nyuma... uwaache waimbe.

Cheza, Suwen. Nasikia.